Jirani Aliyevaa Tai Akabaki Nyumbani

Kila asubuhi, wakati mimi nahangaika kutafuta funguo za gari, jirani wa ghorofa ya nne alikuwa akishuka ngazi amevaa shati lililopigwa pasi, tai, na viatu vinavyong'aa, na alikuwa haendi popote. Alifika chini, akamsalimu bawabu wetu Msudani, akatoka nje, akalizunguka jengo mara moja, taratibu, mikono nyuma. Kisha akapanda tena ngazi mpaka mlangoni kwake mwenyewe na kubonyeza kengele.

Mlango ulifunguliwa na mmoja wa wanawe. Sisi tulikaa ghorofa ya tatu, na ngazi za jengo lile la mtaa wa Malaz, Riyadh, hazikuweka siri, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Karibu, Mwalimu."

"Asante. Mmelala vizuri, wanafunzi wangu?"

Walikuwa wanawe wa kuzaa. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wamekunywa naye chai, na mdogo wao pengine alikuwa amemkalia mapajani. Lakini baada ya kengele ile alikuwa Mwalimu, na akaendelea kuwa Mwalimu mpaka adhana ya adhuhuri. Yeye alikuwa Mkristo, Mkenya wa Nakuru, ila adhana ndiyo aliyofungia shule yake. Ikianza tu, analegeza tai, anavua viatu, na watoto wanarudi kumwita Baba.

Saa hizo mimi, fundi wa lifti, nilikuwa upande mwingine kabisa wa Riyadh, kichwa changu kimo ndani ya shimo la lifti, kwenye jengo la watu nisiowajua.

Nilimwonea wivu mtu yule. Nalisema mapema, msomaji asisumbuke kulitafuta. Nilimwonea wivu kwa miaka yote tuliyokaa jengo moja, na sidhani kama umeniisha.

Nianze na hali yake, maana wengi waliomcheka hawakuijua. Mkewe alikuwa nesi katika hospitali moja kubwa, na yeye ndiye aliyekuja Saudia kwa mkataba. Mume na watoto watatu walimfuata. Kwenye ikama yake, ile kadi ya ukaazi ambayo bila hiyo huwezi hata kununua laini ya simu, iliandikwa kwamba yeye ni mfuasi wa mkewe na haruhusiwi kufanya kazi. Kwao alikuwa wakala wa bima, mtu wa kutembea mtaa hadi mtaa na kuongea na watu kutwa. Huku akawekwa ndani ya fleti yenye vyumba vitatu na mashine ya kufulia.

Wakenya wenzake walipokutana Ijumaa walimwita "Madam". Huku madam ni mke wa mwajiri, mwenye nyumba, yule anayemwamrisha dada wa kazi. "Madam amekuja! Madam, leo umepika nini?" Nilikuwapo siku moja walipomtania hivyo. Alicheka nao, akasema amepika kuku, akaeleza alivyomkaanga kwa vitunguu, hatua kwa hatua, kwa makini sana, mpaka waliokuwa wakicheka wakaanza kumwuliza maswali kuhusu bizari. Ndivyo alivyokuwa. Ulimrushia jiwe, akaligeuza somo.

Mimi pia nilimcheka, lakini kichekesho changu kilikauka haraka, kwa sababu nyumbani kwangu kulikuwa na Rahma.

Rahma ndiye mtoto wetu pekee. Wakati huo alikuwa na miaka minane na alisoma shule ya kimataifa, ile yenye basi la njano na sare ya rangi ya damu ya mzee. Kila asubuhi ya shule tumbo lilimuuma. Ijumaa na Jumamosi, siku za mapumziko huku, tumbo lilipona. Tulimpeleka kwa daktari mara kadhaa, na daktari hakuona kitu. Kisha shule ikatuita na kutuambia mtoto hajui kusoma, hawezi kupanda darasa, na pengine tumtafutie pahali pengine panapomfaa. Waliyasema hayo kwa upole, huku wakitusogezea sahani ya tende.

Tulipoegesha gari chini ya jengo letu, mke wangu akafungua mkanda wake.

"Mimi nampeleka juu," akasema.

"Juu kwa nani?"

"Unajua kwa nani."

"Mama Rahma, yule si mwalimu. Yule aliuza bima."

"Na hao wenye vyeti wamemfundisha nini mwanao?"

"Basi nitamfundisha mwenyewe."

"Lini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kujua ni lini, akanigeukia kusikiliza jibu, nami nikatoa funguo kwenye gari na kushuka.

Rahma akapanda juu.

Kabla ya kuendelea niseme habari ya sababu zake, maana alikuwa nazo nyingi. Kila aliyemuuliza kwa nini watoto wake hawaendi shule aliondoka na jibu tofauti. Bawabu aliambiwa basi la shule linawatapisha. Wakenya wenzake waliambiwa ada hazishikiki, jambo ambalo kila mzazi mgeni Riyadh analielewa bila maelezo. Yule mama wa Kihindi wa ghorofa ya pili aliambiwa habari za mitaala, kwamba mkataba wa mkewe ukiisha watarudi Kenya na watoto watakuwa wamesoma mambo ya nchi isiyo yao. Mke wangu aliambiwa kwamba Kiingereza kilikuwa kimeanza kuwameza, kwamba wakipigiwa simu na bibi yao walikaa kimya, hawana lugha ya kumjibu. Mimi nilipouliza alicheka akasema, "Nilikuwa na muda, Baba Rahma. Sasa mtu akiwa na muda wote huu, aufanyie nini?"

Nilimwambia mke wangu kwamba jirani ni mwongo, ana sababu kama nguo za kubadilisha.

"Si zote za kweli?" akasema. "Mtu haruhusiwi kuwa na sababu tano?"

Ya sita niliipata Ijumaa moja alasiri, juu ya paa, tulipokuwa tunaanua nguo kwa sababu vumbi lilikuwa linakuja. Upande wa kusini, kule mtaa wa Manfuha, mbingu ilikwisha kuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa tunavuta mashuka haraka haraka, na katikati ya haraka ile akaanza kusema, labda kwa sababu sikuwa nikimtazama.

Binti yake mkubwa, Neema, alikuwa ameanza shule walipofika tu Riyadh. Mwisho wa mwaka walienda siku ya wazazi.

"Mwalimu wake akanishika mkono, akamsifu vibaya sana. Ati Neema ni mchangamfu, ati anaimba, ati ndiye anaongoza wenzake kwa michezo. Mimi nikarudi hapa nimejaa. Nikamwambia, Neema, hebu tuimbie kidogo na sisi. Akaniangalia. Akaniambia, Baba, huyo ni Amna. Kuna msichana Msudani anaitwa Amna. Mwalimu huniita Amna."

"Na yeye hakumsahihisha?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, nilimwambia. Mwanzoni."

Alikunja shuka mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwaka mzima, Baba Rahma. Mtoto ameitikia jina la mwenzake mwaka mzima, na hapa nyumbani sisi tunamuuliza shule ilikuwaje, anasema ilikuwa poa."

"Ungeenda kwa mkuu wa shule."

"Nilienda. Aliomba msamaha vizuri kabisa. Akanipa kahawa."

Nilishuka na kapu langu, nikamwita Rahma jikoni, ambaye wakati huo alikuwa bado yuko shule ile ya basi la njano. Nikamuuliza, "Mwalimu wako hukuitaje?"

"Rahma."

Nikashusha pumzi. Kisha nikagundua kwamba mimi mwenyewe sikujua huyo mwalimu anaitwa nani, mwanamke au mwanamume.

Basi mtu asidhani jirani yetu alikuwa mwalimu wa ajabu. Hesabu zake zilikuwa dhaifu. Kugawanya kwa njia ndefu kulimshinda, na wanawe wawili wa kiume walikikwepa kipande hicho pamoja naye, kama watu wanaopita mbali na nyumba yenye mbwa. Kiarabu hakukijua kabisa. Miaka yote ile, dukani alikuwa akitabasamu na kusema "mafi Arabi, mafi Arabi", yaani Kiarabu hakuna, huku mtoto wa miaka sita akimtafsiria bei ya nyanya. Neno lake kubwa darasani lilikuwa "hata mimi sijui". Alilitamka bila aibu, tena kwa furaha, kama mtu aliyepata udhuru wa kwenda matembezi. "Hata mimi sijui. Tutazame." Nao wote wanne wanainamia simu, au kitabu, au wanavaa viatu na kutoka.

Walitoka sana. Aliwapeleka masokoni kupima na kulinganisha, aliwapeleka kutazama nyumba za udongo zinazobomoka, aliwapandisha mabasi mapya ya mji kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho wake bila kushuka. Rahma alipokuwa mwanafunzi wake alianza kuijua Riyadh kuliko mimi niliyekaa huko miaka kumi. Siku moja nilikosea njia naye yumo garini, akaniambia kutoka kiti cha nyuma, "Baba, hapa ungekata kulia. Mwalimu alituleta huku kuona njiwa."

Mwalimu alituleta. Mwalimu amesema. Mwalimu hapendi hivyo. Chakula cha jioni kilikuwa kinaliwa na watu wanne, mmoja hayupo.

Tena alikuwa na makali ambayo sikuyategemea. Mwandiko mbaya ulimtia wazimu. Aliwahi kuichana insha nzima ya Neema kwa sababu herufi zililala vibaya, na Neema, wakati huo kama miaka kumi na miwili, akafunga mlango wa chumba chake kwa kishindo kilichotikisa taa zetu. Tulimsikia akilia na kusema hana rafiki hata mmoja, kwamba amefungiwa ndani kama nyanya kwenye friji. Jirani alikaa ngazini kati ya ghorofa yao na yetu, viatu vyake vizuri vimeguswa na vumbi. Nilimkuta pale nilipofungua mlango wetu.

"Amesema ukweli," akaniambia, bila salamu. "Shuleni angekuwa na marafiki."

"Shuleni angekuwa Amna," nikasema.

Lilinitoka tu. Alinitazama kwa shukrani nyingi kiasi kwamba nilijuta kulisema. Sikutaka kuwa upande wake.

Kisa cha kusoma ndicho kilichoniuma kuliko vyote.

Alimfundisha Rahma kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza alikiweka kando, akasema lugha ambayo mtoto anaotea ndiyo ya kuanzia. Hakutumia vitabu. Alimwambia mke wangu awe anamwomba mama yangu, kule Tanga, atume ujumbe mfupi wa maandishi kila siku badala ya kurekodi sauti. Mama aliandika mambo yake ya kawaida: leo mvua, paka amezaa, baba yako mdogo kaja na samaki. Rahma alikuwa anapanda juu na simu ya mama yake na kukaa nao ujumbe ule asubuhi nzima, herufi kwa herufi. Wiki zikapita. Mimi nilikwisha kuanza kusema nilijua haitafaa.

Siku moja nilirudi kutoka kazini alasiri nikakuta bawabu ananipongeza chini kwenye lango. "Mabruk, ya baba Rahma!" Mama wa Kihindi akanipongeza kwenye ngazi. Nilipofungua mlango wangu mke wangu alikuwa na macho mekundu na anatabasamu. Rahma alikuwa amesoma. Alisoma ujumbe mzima wa bibi yake, peke yake, bila kusita, mbele ya Mwalimu na Neema na wale wavulana, kisha akashuka mbio kumsomea mama yake, kisha chini kumsomea bawabu ambaye hajui Kiswahili.

Nilivua viatu, nikaketi, nikasema, "Haya mama, nisomee na mimi."

Rahma alikuwa amejilaza kwenye zulia anatazama katuni.

"Nimeshasoma, Baba," akasema.

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amechoka, mtoto aliyeshangiliwa kutwa nzima. Mke wangu akamwambia amsomee baba yake, akasoma, harakaharaka, jicho moja kwenye televisheni. Paka wawili wamefunguka macho, mmoja bado. Nikampigia makofi. Juu ya dari nilisikia jirani anatembea, kiti kikivutwa, watu wakicheka, na nikamchukia kwa muda wa dakika kadhaa kwa chuki safi kabisa.

Ijumaa iliyofuata alikuja kugonga kwangu. "Baba Rahma, nakuomba kitu. Hawa watoto hawajawahi kuona lifti inafanya kazi vipi. Na fundi yuko hapa chini yetu. Uje uwafundishe."

Nilikubali kabla hajamaliza. Siwezi kueleza nilivyofurahi. Usiku ule nilichora michoro, nikatafuta kipande cha waya wa chuma na kapi dogo la mfano. Asubuhi nilivaa shati jipya. Darasa lilifanyika kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya nne, mbele ya mlango wa lifti yetu kuukuu, watoto wanne wameketi sakafuni na yeye ameketi pamoja nao, kalamu mkononi, kama mwanafunzi.

Nikaanza. Nikaeleza injini, nikaeleza mzigo na mwendo, nikaeleza vile vyuma vizito vinavyoning'inia upande wa pili na kupanda wakati chumba kinashuka. Nilisema kweli tupu, kila neno sahihi. Baada ya muda kidogo mvulana mmoja akaanza kufungua kamba za viatu vya mwenzake. Neema alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri basi. Rahma alikuwa anakwaruza ukuta kwa ukucha, na alipoinua macho hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, kama anayeomba msaada.

Jirani akanyoosha mkono.

"Samahani, Fundi. Mimi hiki kitu nakiogopa. Ndiyo maana mnaniona kila siku natumia ngazi. Hebu niambie ukweli. Hiyo waya ikikatika na mimi niko ndani, si nitakufa?"

Watoto wakamgeukia, midomo wazi.

"Hufi," nikasema.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu waya si mmoja. Na hata zikikatika zote, kuna breki inauma reli yenyewe."

"Inauma?" aliuliza mvulana mdogo.

"Inauma kama meno."

"Tuone!"

Tukapanda wote hadi chumba cha mashine juu ya paa, nikawasha taa, nikawaonyesha. Waliuliza maswali mpaka nikakaukiwa koo. Walitaka kujua nani aliyewahi kukwama ndani, alikaa muda gani, alilia au hakulia, alikojoa wapi. Nilijibu yote, na kwa saa nzima binti yangu alinitazama jinsi nilivyowahi kuona watoto wengine wakiwatazama baba zao.

Tulipokuwa tunashuka, Rahma ameshika mkono wangu, akasema, "Ilikuwa inachosha, halafu Mwalimu akaifanya ikawa nzuri."

Hata kazi yangu. Hata lifti.

Baadaye nilimuuliza jirani kama kweli anaogopa lifti. "Sana," akasema, na akacheka, na mpaka leo sijui.

Mwaka uliofuata kampuni ikanihamishia Jeddah. Nilimwambia mke wangu kwa uso wa kusikitika, lakini moyoni nilikuwa nimefurahi, nao ukweli huo ulinifuata ndani ya lori la mizigo. Siku ya kuondoka Rahma alishikilia nguzo ya ngazi ya ghorofa ya nne na kukataa kushuka. Alilia akisema, "Niacheni nibaki kwa Mwalimu. Mtakuja kunichukua." Jirani ndiye aliyemtoa vidole kwenye nguzo, kimoja kimoja, akimwambia jambo sikioni. Sikulisikia. Nilipomuuliza Rahma garini Mwalimu amemwambia nini, alisema, "Ni letu."

Jeddah hatukumpeleka shule mara moja. Mke wangu alisema tujaribu sisi. Nami nikaomba likizo ya wiki, nikanunua tai. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje, nikazunguka jengo letu jipya katika joto lile la bahari linalokulowesha kabla hujamaliza kona ya pili, nikarudi, nikabonyeza kengele.

Rahma alifungua. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani, akatabasamu kwa huruma.

"Baba," akasema. "Wewe ni Baba tu. Ingia."

Tulikaa mezani siku tatu. Nilikasirika kila baada ya muda mfupi, simu ya kazi ililia, nilimjibia maswali kabla hajayaelewa. Siku ya nne alianza shule nyingine, ambako hakuumwa tumbo, kwa sababu sasa alijua kusoma. Miaka miwili baadaye gharama za familia zilitushinda, mke wangu akarudi naye Tanga, nami nikabaki na kitanda kimoja na jiko la sahani mbili.

Nilimwona jirani yule tena Juni hii iliyopita.

Nilikuwa nimeitwa kutazama lifti ya jengo moja la ofisi hapa Jeddah, mkabala na shule. Nikitoka, nikamwona mtu amesimama kwenye kipande chembamba cha kivuli ukutani, amekumbatia chupa ya maji yaliyogandishwa barafu. Amekonda, nywele zimemtoka katikati. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anabadilisha mguu, huu, kisha huu.

"Baba Rahma!" Alinishika mikono miwili, na mikono yake ilikuwa baridi kwa ile chupa. "Mungu ndiye amekuleta. Usiende. Simama hapa na mimi."

Neema alikuwa ndani anafanya mtihani wa mwisho wa sekondari, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Riyadh walikuwa wamekosa nafasi kwa watoto wasio na shule, wakaipata Jeddah, wakaja wawili kwa basi. Alinieleza yote hayo bila kuondoa macho kwenye lango. Nilimuuliza habari za wale wavulana.

"Hao niliwapeleka shule. Walitaka timu ya mpira. Sasa mimi ningewapa timu gani?" Akajaribu kucheka. "Nikabaki na huyu. Na huyu akianguka, Baba Rahma, nani ameanguka? Wenzake wakifeli, wanasema shule mbaya, mwalimu mbaya. Huyu akifeli ni mimi. Nimechukua maisha ya mtu nikayafanyia majaribio sebuleni."

Ningemwambia neno la kumtuliza. Nilikuwa nayo kadhaa. Lakini kulikuwa na utamu fulani katika kumwona anaogopa, na niliuacha ukae mdomoni kidogo. Kisha nikamwambia Rahma ni wa tatu darasani kwake, na kwamba huwa anamtaja.

"Rahma wangu," akasema, na uso wake ukafunguka.

Wangu.

Lango likafunguliwa na vijana wakamwagika nje. Neema alitoka kati yao, mrefu kuliko baba yake, abaya begani haijafungwa vizuri, kalamu bado mkononi. Aliniona, akanijua, akaniamkia, "Shikamoo, Fundi," salamu aliyoizoea kwetu kule Malaz, na nilikuwa bado naitikia marahaba alipokwisha kumgeukia baba yake.

"Ile ya mwisho! Uliniambia vibaya!"

"Gani?"

"Ile ya mmea. Maji yanapita wapi kwanza. Wewe ulisema!"

"Mimi? Tulisoma wote wawili, wewe ndiwe ulisema tusirudie!"

"Nilisema tusirudie ile ya jani!"

"Na umejibu nini?"

"Sikujibu ulivyosema. Nilijua umekosea."

Alisimama, chupa ikining'inia mkononi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akainama, naye Neema akampiga kifuani kwa ile kalamu akisema si jambo la kucheka, huku yeye mwenyewe anacheka. "Nionyeshe," akasema jirani. "Nichoree." Palikuwa na gari limeegeshwa hapo, kioo cha nyuma kimejaa vumbi. Neema akachora mzizi kwa kidole, jirani akaufuta nusu na kuchora wake, Neema akamsukuma mkono, na wakawa hivyo, vichwa viwili juu ya kioo cha gari la mtu, wanabishana katika jua la adhuhuri kana kwamba hakuna mtu mwingine duniani. Hakunifukuza. Alinisahau tu.

Nikavuka barabara. Nikatoa simu, nikapiga Tanga. Shule zilikuwa zimefungwa. Simu ya mke wangu ikapokelewa na Rahma.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona umepiga saa hizi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepiga tu."

"Mama yuko uani anafua. Nimpe?"

"Usimpe. Nimekupigia wewe."

Nyuma yake nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni, na mtu akimwita kuku. Kisha binti yangu akaongea, kwa upole na adabu, sauti ile anayowekewa mgeni aliyefika mwenye nyumba hayupo.

"Sawa, Baba. Habari za kazi?"

"Nzuri," nikasema.

Nikatafuta la kumuuliza. Ng'ambo ya barabara walikuwa bado wanacheka. Nikawapa mgongo, nikabana simu sikioni, nikatafuta, naye akasubiri.